Njoo Siku ya Bamvua

Ndani ya ukumbi wa tatu wa kiwanda cha mwani, karibu na mlango unaotazama msikiti, kuna mfuniko wa chuma sakafuni. Nyinyi mafundi wapya wa maji mnaujua vizuri, maana nimeambiwa wawili kati yenu wameshajikwaa hapo na mmoja kamwaga chai yake yote. Nimeambiwa pia kwamba mnauliza ni mjinga gani aliyeweka mfuniko katikati ya njia. Mjinga huyo ni mimi. Naitwa Vuai, fundi bomba mstaafu. Msimamizi wenu, Hidaya, kanitaka niwaandikie umewekwa kwa nini, kabla hamjapata wazo la kuung'oa. Magoti yananiuma, macho yamefifia, na mkono umezoea spana kuliko kalamu, kwa hiyo msitarajie mpangilio. Nitaandika kama mambo yanavyonijia.

Kazi nilijifunza Mji Mkongwe, chini ya Fundi Makame, mtu mfupi na mkali aliyekuwa akiingia shimoni na kofia yake ya viua kichwani. Wakati huo hakuna aliyekuwa na ramani kamili ya mabomba ya mji. Mengine yalipita chini ya vichochoro, mengine ndani ya kuta za mawe, mengine yalishakufa zamani na hakuna aliyejua. Tukiitwa kwamba maji yanavuja, tulikuwa tunakita mtarimbo chini, tunaweka sikio kwenye ncha ya juu, tunaziba sikio la pili, tunanyamaza. Maji yanayovuja yana sauti yake, kama mama anayembembeleza mtoto, shhh isiyokatika. Maji yanayopita tu bombani hunguruma kidogo, kisha hutulia mtu akifunga mfereji. Ukishazijua sauti hizo mbili, nusu ya kazi umeimaliza bila kushika sururu.

Mimi nilijitia kuzijua mapema. Siku moja tuliitwa nyumba moja ya Malindi, ukuta unatoka unyevu. Fundi Makame alikwenda kuswali adhuhuri, akaniambia nisikilize tu, nisiguse kitu. Nikauegemeza mtarimbo ukutani, nikasikia ngurumo nzito. Nikajiambia, bomba ndilo hili. Kuta zile mnazijua zilivyo nene. Nikavunja, nikavunja, jasho linanitoka na vumbi la chokaa limenijaa puani, mpaka nikatokea upande wa pili. Nikakutana na mgongo wa friji la jirani. Bi mwenye friji akainama akanitazama kwenye tundu, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kama ulitaka maji baridi, si ungebisha hodi?"

Fundi Makame aliporudi hakucheka. Alinifanya nizibe tundu lile kwa mawe yale yale na chokaa, na nilipomaliza akaniambia, "Ngurumo uliisikia kweli. Lakini umeisikiliza mara moja. Ungengoja friji lizime, ungejua. Kitu ukikipima leo, kipime tena siku isiyofanana na leo. Ndo upate kusema." Kwa muda wa miaka mingi nilikuwa nawahadithia watu mkasa wa friji ili wacheke, na maneno ya Fundi Makame nikiyaacha nje.

Nitawapa jingine la Fundi Makame kabla sijalisahau, ingawa halihusiani na mfuniko. Siku hizi mna utepe mweupe wa kuzungushia kwenye thredi, safi, mwepesi. Sisi tulitumia katani na rangi. Ukiizungusha katani kinyume cha thredi, bomba linapokazwa inatoka yote, inaning'inia kama ndevu. Utepe wenu nao ni vivyo hivyo, ila hauna ndevu za kukuumbua. Zungusheni kufuata thredi. Nimekagua baadhi ya kazi zenu pale Mji Mpya na nimeona aibu, lakini sitamtaja mtu.

Sasa turudi kwenye mfuniko.

Nyinyi mmeikuta Mji Mpya ikiwa Mji Mpya. Mna viwanda, maghala, nyumba za ghorofa, barabara zenye namba, na mkahawa wa pilau ambao wenyewe ni watu wa bara wanaopika vizuri kuliko sisi. Mimi niliijua ikiwa vijiji viwili, Mtondooni na Uwandani. Palikuwa na mawe matupu na vichaka, makonde madogo ya mtama na choroko katikati ya mawe, minazi michache, na pwani iliyojaa vigingi vya mwani. Wanawake wa Mtondooni wote walilima mwani. Katikati ya vijiji hivyo, nyuma ya msikiti mdogo wa makuti, kulikuwa na kisima kimoja. Hakikuwa kirefu. Mtu mrefu akisimama ndani angekaribia kutoa mkono nje. Mdomo wake ulikuwa wa jiwe, na jiwe lile lilikuwa na michirizi iliyochimbwa na kamba, mingine kina cha kidole kizima.

Ulipokuja mpango wa kujenga kiwanda, kampuni ya ujenzi ilichimba kisima kipya kirefu upande wa mashariki, kwa mashine. Maji yake yangekwenda kiwandani na kwenye mifereji ya kijiji. Tatizo lilikuwa moja tu. Mchoro wa ukumbi wa kiwanda ulipita juu ya kisima cha zamani. Injinia wa kampuni alinieleza jambo lenyewe wazi. Kama maji ya kisima kipya yanafaa kwa watu, kile cha zamani kinafukiwa, kwa sababu hakihitajiki tena. Kama hayafai, ukumbi unasogezwa na kisima kinabaki na watu wake. Aliyetakiwa kusema kama yanafaa ni mimi.

Nilichaguliwa kwa sababu ya ulimi. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ofisini walikuwa wakinisifu kwamba Vuai akionja maji anakwambia yametoka wapi. Hilo lilikuwa na ukweli kidogo. Nilikuwa sinywi kahawa asubuhi ya siku ya kuonja, sili halua, sivuti sigara, na nilikuwa nayatia maji ncha ya ulimi kwanza, kisha pembeni, kisha nayatema. Vipimo vyetu vya mkononi vilikuwa vibovu muda mwingi, ulimi wangu haukuhitaji betri. Basi kichwa kikanivimba.

Tulikwenda Mtondooni siku iliyopangwa na ofisi. Nataka mlizingatie hilo la siku. Ofisi ilipanga siku ambayo watu wapo, ili Sheha, kiongozi wa kijiji, awakusanye wasikie mpango. Na watu wa Mtondooni wapo kijijini siku za maji mafu, maana bahari wakati huo haijai sana wala haitoki sana, na kwenye mwani hakuna kazi kubwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na hutoka mpaka mbali, na kijiji kizima huwa kipo huko kwenye vigingi. Ukienda siku hiyo utapokewa na kuku. Kwa hiyo kila mgeni wa serikali, kila injinia, kila mtu mwenye fomu, alikuwa anakiona kijiji kile siku za maji mafu tu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ilikuwa ni adabu tu, kwamba huendi kwa watu siku ambayo hawapo.

Nikaonja kisima kipya. Maji baridi. Sisi tukisema maji baridi hatuna maana ya barafu, tuna maana ya maji ya kunywa, yasiyo chumvi. Nikaenda kuonja cha zamani, nacho maji baridi. Chupa tulizojaza zilipelekwa kupimwa maabara, na baadaye zikakubaliana na ulimi wangu, jambo ambalo si ajabu, maana zilijazwa siku ile ile na saa ile ile.

Pale kwenye kisima cha zamani niliwakuta wanawake watatu wanachota. Wawili walikuwa wanacheka waliponiona nimetoa ulimi kama mjusi. Wa tatu hakucheka. Huyo alikuwa Bi Mize, mwanamke wa makamo, mwembamba, mikono imekakamaa kwa kamba za mwani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza bila kuacha kuvuta ndoo.

"Umeonja?"

"Nshaonja, Bi Mize. Maji baridi vyote viwili."

"Leo mwezi ngapi?"

Nikahesabu siku tangu mwezi uandame. "Mwezi nane."

"Maji mafu," akasema. "Siku kama ya leo hata huko pwani unaweza kuteka maji ya chai. Njoo siku ya bamvua uonje."

"Siku ya bamvua si mnakuwa pwani?"

"Sie tunakwenda pwani, kisima hakendi. Kamba ipo, ndoo ipo. Onja hichi chetu, kisha kaonje hicho chenu kirefu. Ndo uandike."

Wale wenzake wawili wakaacha kucheka. Mmoja akasema, "Sikiliza, baba. Huyu ni kama kazaliwa hapa kisimani." Nikawaahidi. Nilisema, "Ntakuja, inshaallah," na wakati naisema nilikuwa na nia kweli.

Injinia alikuwa ananingoja garini. Alikuwa na haraka, fomu ameitandika juu ya boneti, upepo unaipeperusha na yeye ameikandamiza kwa kiwiko. Akaniuliza, "Fundi, vipi?" Ningeweza kumwambia tungoje wiki moja. Wiki moja tu, wanangu. Badala yake nikachukua kalamu, kwenye nafasi ya maelezo nikaandika maneno mawili, *Maji baridi*, nikatia saini. Akanipiga begani akasema angetaka kila fundi awe kama mimi.

Wiki ilipofika, siku ya bamvua, sikwenda. Nimejiuliza sana kwa nini. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na msiba, gari lilikuwepo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshasaini, na mtu aliyeshasaini hapendi kupima tena. Siku hiyo nilishinda sokoni Darajani natafuta koki ya inchi moja ambayo haikuwa na haraka yoyote.

Kisima cha zamani walikifukia kwa mawe na kifusi, wakamwaga zege juu yake. Mifereji ya kijiji ikafunguliwa siku za maji mafu, watu wakapiga vigelegele. Bamvua ya kwanza ilipokuja, Sheha akapiga simu ofisini. Akasema sabuni haitoi povu. Akasema maharage hayaivi, chai haina ladha ya chai. Mimi ndiye niliyepokea simu ile. Nikamwambia ni kutu ya mabomba mapya, itaisha yenyewe. Mabomba yalikuwa ya plastiki.

Ningependa kuwaambia kwamba baadaye nilikwenda nikakiri. Sikukiri. Walipotaka fundi wa Mtondooni nilikuwa natuma mwengine. Kwetu tukimsifu mtu mzima tunasema kala chumvi nyingi. Watu wa Mtondooni wameila kweli, na aliyewalisha ni mimi.

Jambo lenyewe si gumu kulielewa, na lilikuwa wazi hata wakati ule. Chini ya kisiwa chetu maji ya mvua yamekaa juu, maji ya bahari yamekaa chini yake. Kisima kifupi kinachota ya juu. Kirefu kinaifuata chumvi ilipo, na bahari ikijaa siku ya bamvua inaisukuma chumvi hiyo juu zaidi. Bi Mize hakusoma haya popote. Alikuwa anateka maji tu, kila siku, miaka yote, na ana ulimi kama mimi, ila yeye hakusifiwa.

Mji ukakua. Walikuja wafanyakazi, zikaja nyumba, vikaja viwanda vingine, na vyote vikavuta maji kisima kile kirefu. Mwanzoni watu wa zamani walijifunza kujaza mapipa siku za maji mafu na kuyatumia kidogo kidogo siku za bamvua. Baadaye hata maji mafu hayakusaidia. Sasa mnanunua maji ya kunywa kwenye magari, na wengi wenu mnadhani ndivyo pwani ilivyo. Sivyo. Pale palikuwa na maji baridi mwaka mzima.

Nilistaafu. Nikakaa nyumbani Jang'ombe, nikawa natengeneza mifereji ya majirani. Siku moja Jumanne ikaniingilia simu ya namba nisiyoijua.

"Shikamoo, Fundi Vuai."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Hidaya, msimamizi wa maji kiwanda cha mwani, Mji Mpya. Nna fomu hapa ya zamani, ina saini yako. Imeandikwa *maji baridi*."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimesimama karibu na kabati, nikakaa pale pale sakafuni.

Hidaya hakuwa na haja ya kunilaumu, alikuwa na haja ya kisima. Sakafu ya ukumbi wa tatu ilikuwa imevunjwa ili mashine mpya ziwekwe, na zege jipya litamwagwa Jumamosi. Alikuwa amesikia kwamba chini ya ukumbi kuna kisima cha zamani chenye maji matamu, akamwomba meneja nafasi ya kukitafuta. Meneja alikubali kwa masharti mawili. Kisima kionekane kabla ya Jumamosi, na maji yake yawe baridi kweli. La sivyo zege litamwagwa, na zege la safari hii lingekuwa nene la kubebea mashine nzito, halitavunjwa tena katika maisha ya yeyote kati yetu. Hidaya aliwauliza wazee, na kila mzee alimwonyesha pahala pake. Ukumbi una ukubwa wa uwanja wa mpira. Hawezi kuchimba wote.

"Ntakuja kesho," nikasema. Safari hii nikenda.

Niliposhuka Mji Mpya sikuijua. Nilitafuta mtondoo mkubwa uliokuwa njia panda, nikakuta benki. Nilitafuta konde la choroko, nikakuta ghala la saruji. Nilizunguka barabara ya nne mara mbili nikifikiri ni ya tano, jua limenipiga utosini. Kitu pekee nilichokitambua ni mifuniko ya valvu niliyokuwa nikiituma mwenyewe kutoka ofisini, kando ya barabara, imeliwa kutu. Nikaifuata mmoja baada ya mwengine kama mtu anayefuata nyayo zake, mpaka nikafika msikitini. Msikiti ni mkubwa sasa, una ghorofa na vigae, lakini walipoujenga upya waliuacha mihrabu pale pale ulipokuwa. Ndani ya ukumbi nilijaribu kukisia kisima kilipo, nikashindwa. Nilikuwepo pale siku moja tu, na siku ile nilikuwa nauangalia ulimi wangu.

Nikamuuliza Hidaya, "Bi Mize yuhai?"

"Yuhai. Lakini mimi nimeshamuuliza, hakunijibu. Kasema atamwambia mwenye fomu."

Tulimkuta uani kwa mwanawe, nyuma ya nyumba yenye namba, anafuma kamba za mwani ingawa pwani hendi tena. Amekuwa mdogo sana. Nikamwamkia. Akainua macho kutoka kwenye kamba.

"Vuai wa maji baridi," akasema.

"Ndiye mimi, Bi Mize. Wenzako wazima?"

 Aliweka kamba chini, akanyosha mkono, Hidaya akamwinua. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, mengi, mazuri. Nilipofungua mdomo akanikatiza. "Twende, jua likali. Maneno yako yatangoja, kungoja si kitu."

Alianzia kwenye ukuta wa mihrabu, kwa nje, mgongo kaupa ukuta. Akasema alipokuwa msichana aliwahi kuhesabu hatua zake kutoka ukuta ule mpaka kisimani, ili asisinzie alfajiri njiani. Kwenda na ndoo tupu hatua sitini na sita, kurudi na ndoo imejaa kichwani hatua mia na mbili, maana aliyebeba maji hapigi hatua ndefu. Hidaya akauliza sasa tuhesabu ipi, kwa kuwa miguu ya mtu hubadilika.

"Hesabu za kurudi," Bi Mize akasema. "Siku hizi natembea kama nimebeba."

Tukahesabu. Hidaya alimshika mkono huu, mimi nilimshika ule, na watu wa kiwandani wakasimamisha kazi kututazama. Tulipita mlango, tukaingia kwenye vumbi la zege lililovunjwa, tukapita kando ya mashine mbili zilizofungwa nailoni. Kwenye mia na mbili akasimama, akapiga kifusi kwa kisigino. Nikaomba mtarimbo. Nikaukita pale, nikaweka sikio, nikaomba wazime mashine zote za ukumbi wa pili. Nikamwambia kijana mmoja apige nyundo chini, mbele yangu, kisha nyuma yangu, kisha kushoto kwangu. Pande mbili zilijibu kavu, sauti ya jiwe tupu. Upande wa kushoto ukajibu mzito, kama mlango wa chumba kisicho na vitu. Nikasikiliza. Kisha nikawaambia wapumzike, wanywe chai, na baada ya chai nikasikiliza tena. Fundi Makame angekuwepo, angefurahi kidogo tu.

Wakachimba Alhamisi kutwa. Ijumaa walisimama kwa ajili ya sala, wakaendelea alasiri, na kabla ya magharibi sururu ikagonga jiwe la mdomo wa kisima. Nikapitisha vidole, nikaikuta michirizi ya kamba. Kidole kikazama chote. Jumamosi asubuhi walikuwa bado wanatoa mawe ndani, na gari la zege limeshafika nje, pipa lake linazunguka. Meneja alikuwa anatazama saa. Si mtu mbaya, ana kazi yake.

Maji yakaonekana saa nne, machafu, meupe kwa chokaa. Wakayateka na kuyamwaga, yakarudi. Wakayamwaga tena. Mara ya tatu yalirudi safi. Hidaya ana kipimo kidogo cha mkononi, si kikubwa kuliko kalamu. Akakitumbukiza kwenye ndoo, akasoma, akakizima akakitia mfukoni. Meneja akamuuliza kinasemaje. Hidaya akamtazama Bi Mize, aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya shimo, akasema, "Aonje Fundi kwanza."

Kuhusu mfuniko basi mmeshajua. Zege lilimwagwa kuuzunguka, mashine zikasogezwa upande, na bomba linalotoka mle linakwenda kwenye mfereji wa nje ya ukuta, karibu na msikiti, ambako mnawaona watu wanapanga ndoo. Nimelifunga mimi mwenyewe na ndilo bomba la mwisho nililolifunga. Msivute maji mengi kwa mpigo. Chujio lisafishwe kila mwezi. Na kwenye fomu zenu, kabla hamjaandika maji ni ya namna gani, andikeni mwezi ngapi. Kisha rudini siku nyengine muandike tena. Hamtasifiwa na mtu kwa hilo, na mtachoka, na injinia atakuwa na haraka.

Bi Mize ndiye aliyenitekea maji yale ya Jumamosi. Hakutaka mtu amsaidie. Alichovya kikombe cha bati kwenye ndoo, akaninyoshea. Tangu alfajiri sikuwa nimekunywa kahawa wala kula kitu. Nikatia ncha ya ulimi, kisha pembeni. Sikutema.

"Leo mwezi ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na tano, Bi Mize. Bamvua."

"Na maji?"

"Maji baridi," nikasema mbele za watu wote wale. Nikaanza kumwomba radhi, yale maneno mengi niliyoyatayarisha, nikaona yamebaki mawili matatu tu na hayo nayo hayakai sawa.

Aliniacha nimalize. Kisha akatazama mdomo wa kisima, pale michirizi ya kamba ilipo, akapitisha kidole kwenye mmoja, kisha kwenye wa pili, kama anayejua upi ulikuwa wa nani.

"Nlikwambia uje siku ya bamvua," akasema. "Haya, umekuja. Wenzangu wamekungoja mpaka wamechoka, wametangulia."

Akachota tena, akanijazia kikombe.